Kutu chini ya leso: vifungo vya kuvalisha na tepe za kusuka katika hewa ya chumvi

Swali: Shikamoo mama. Niko Malindi, natengeneza herini za vifungo ninavyovivalisha vipande vya leso, na bangili za utepe wa satini ninaousuka mwenyewe. Zikiwa mpya hupendwa sana, na wenyeji na wageni. Lakini baada ya muda mfupi herini hutoka madoa ya rangi ya chai upande wa mbele, nyingine huachana na pini zake, na bangili hulegea na kufumuka nchani. Wateja wameanza kunirudishia. Nimeambiwa nitumie gundi ya bunduki kila mahali. Je, tatizo ni gundi, au nashona vibaya?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mkono wako sina shaka nao, maana satini huteleza na kujikunja, na anayeweza kuisuka ikalala sawa ni mshonaji. Tatizo liko nyuma ya pambo, pale mnunuzi asipotazama: bati ulilolivalisha, kitambaa cha ndani ambacho nadhani hukukiweka, na ncha za utepe. Sisi wa Lamu na nyinyi wa Malindi tunavaa vitu hivi kwenye jasho na upepo wa chumvi. Pambo lisilotayarishwa kwa hali hiyo litaharibika hata likishonwa na fundi bora. Gundi ya bunduki haitakusaidia, nitaeleza kwa nini.

Nianze na madoa, maana ndiyo yanayokuvunjia jina. Kifungo cha kuvalisha kina sehemu mbili: kikombe cha mbele, ambacho ndicho kinachovaa kitambaa, na kifuniko cha nyuma kinachobana kitambaa ndani. Vingi vya bei nafuu ni bati la chuma lililopakwa madini mengine juu juu ili ling'ae. Madini hayo ya juu hayafiki kwenye ukingo bati lilipokatwa kiwandani, na hukwaruzika pale meno madogo ya kikombe yanapouma kitambaa. Chumvi ya hewani huvuta unyevu, jasho huleta chumvi zaidi, na pamba ya leso hunyonya vyote na kuvishikilia palepale ukingoni. Kutu huanza nyuma, ikafuata nyuzi za kitambaa hadi mbele. Itazame mojawapo ya herini ulizorudishiwa: nadhani utaona doa limeanzia pembeni, si katikati.

Kwa hiyo kabla ya kununua pakiti nyingine, nenda dukani na sumaku. Ile ya spika ya redio iliyokufa yatosha. Kikombe kinachonaswa ni chuma, kitashika kutu. Kisichonaswa mara nyingi ni aluminiamu au shaba, na hivyo havitoi kutu nyekundu; aluminiamu ikizidiwa na chumvi hutoa unga mweupe tu, hautii leso doa. Vipo pia vya plastiki, vyepesi sikioni, ila ukaze kitambaa taratibu visije vikapasuka. Jaribu kikombe na kifuniko kando kando, maana kuna pakiti ambazo kikombe ni aluminiamu na kifuniko ni chuma.

Ukikosa kabisa vya aluminiamu, vipake vile vya chuma rangi ya kucha isiyo na rangi, mikono miwili, ndani na nje, na ukingo zaidi ya mahali pengine. Viache vikauke siku nzima. Kazi hiyo inachosha ukiwa na vifungo mia, lakini inachosha zaidi kumrudishia mteja fedha zake.

Sasa kitambaa. Leso mpya ina dondo, ule wanga wa kukazia kitambaa, na dondo likikutana na jasho huwa na mnato na kuvuta uchafu. Ifue leso kwanza, uikaushe, uipige pasi, ndipo uikate. Ukifua utajua pia kama nyekundu yake au nyeusi yake inachuja; inayochuja usiitumie kwa herini, itapaka shingo na ukosi wa nguo ya mtu.

Vifungo hupimwa kwa namba ambapo 40 ni inchi moja, na nyingine zote hufuata hesabu hiyo. Namba 24 ni milimita 15, namba 36 ni milimita 23, namba 45 inakaribia milimita 29, na 60 ni milimita 38. Kwa herini za kubana sikioni napenda 24 au 30. Za kuning'inia zibebe 36 au 45. Ile 60 iweke kwa kidani au bruchi, sikioni inakuwa mzigo. Duara la kukata liwe mara mbili ya upana wa kifungo, utoe milimita 5 au 6: kifungo cha milimita 23 kinataka duara la milimita 41 hivi. Likiwa kubwa kupita hapo, kitambaa hujaa ndani na kifuniko hakikai. Likiwa dogo, meno hayana cha kuuma.

Usikate kwa kubahatisha. Chukua kadi ngumu, toboa dirisha la duara lenye ukubwa wa uso wa kifungo, kisha litembeze juu ya leso, kwenye pindo na kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, mpaka uone kitu kilichokaa vizuri ndani yake. Hapo ndipo ufundi ulipo. Korosho moja iliyokaa katikati, na mwenzake wa herini ya pili akiitazama kutoka upande wa pili, huifanya jozi ionekane imekusudiwa. Leso huwa na korosho zinazoelekea kulia na zinazoelekea kushoto, zitafute. Maneno ya jina yaache. Herufi mbili zilizokatwa hazisomeki wala hazipendezi. Ukibakiwa na vipande vya pindo la kikoi, vitumie pia, ile mistari iliyofumwa huvutia ikipita katikati ya kifungo, lakini kikoi ni kizito kuliko leso, kwa hiyo chagua namba 45 kwenda juu.

Chini ya leso weka duara la pili la pamba nyeupe nyembamba, kama amerikani laini. Lifunike uso wa kifungo na milimita 2 au 3 za ukingo, lisifike kwenye meno. Kitambaa hiki kina kazi mbili. Kinazuia bati lisimulike kupitia sehemu nyeupe za leso, na kinaiweka leso mbali na bati. Kisha piga bandi, ile mishono mirefu ya juu na chini, kuzunguka duara la leso, milimita 3 kutoka ukingoni, kwa uzi maradufu. Weka kikombe katikati, vuta uzi hadi leso ikaze, ugeuze mbele uone kama korosho haijahama, ndipo ufunge fundo. Bandi hii watu wengi huiruka wakategemea meno peke yake, na ndiyo sababu ya mikunjo midogo inayoonekana pembeni.

Kuna ushauri utakaoukuta kwa mafundi, kwamba kitambaa cha pamba kiloweshwe kidogo kabla ya kuvalisha ili kikikauka kikaze. Ushauri huo ni sahihi kwa vikombe vya aluminiamu au plastiki. Kwa chuma, unakuwa umeyafungia maji ndani kwa mkono wako mwenyewe.

Pini kuachana na kifungo ni habari ya gundi, lakini pia ni habari ya mahali ulipoiweka. Gundi ya bunduki ni plastiki iliyoyeyushwa, na joto likirudi hulainika tena. Fikiria meza ya biashara saa saba mchana ufukweni, au mkoba ulioachwa kwenye gari lililofungwa vioo. Tena haishiki vizuri kwenye bati laini. Ile gundi kali ya matone hukauka ikawa ngumu isiyopindika, pini ikigongwa huachia. Huacha ukungu mweupe kuzunguka, na ikimwagikia pamba hupata moto wa ghafla unaoweza kukuunguza vidole. Tumia epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa sawa kwa sawa. Kwanza ng'oa kitanzi cha waya cha nyuma ya kifuniko: kibane kwa koleo hadi masikio yake yatoke kwenye matundu, kabla hujakifungia kifuniko kwenye kikombe. Piga msasa mahali pa kubandika, futa kwa spiriti, bandika, uache hadi kesho yake hata kama mrija umeandikwa dakika 5.

Lakini kwa kazi unayotaka ikae miaka, mimi sitegemei gundi. Kata duara la ngozi nyembamba lenye ukubwa wa mgongo wa kifungo. Mafundi wa makubadhi huwa na vipande wanavyovitupa, na sisi huku tuna bahati ya kuwa karibu na Siyu, ambako kazi ya ngozi ni ya tangu zamani. Toboa ngozi kwa sindano nene, pitisha pini kutoka ndani kwenda nje, ili kile kitako bapa cha pini kibaki kati ya ngozi na kifungo. Tia epoksi kidogo, kisha shona ngozi na leso kuzunguka ukingo kwa mishono midogo. Hapo pini imeshikwa na ngozi, haiwezi kutoka bila kuipasua. Ngozi inazuia pia jasho la sikio lisifike kwenye bati.

Tundu la pini liwe juu ya katikati, kwenye theluthi ya juu. Ukiiweka katikati hasa, uzito wa kifungo huinamia mbele na herini hutazama chini. Bibi zetu waliovaa majasi hawakuwa na shida hii kwa sababu jasi lenyewe lilijaa ndewe, lile tundu la sikio; herini yetu inaning'inia kwenye pini nyembamba, na pini inahitaji kusaidiwa.

Kuhusu pini zenyewe, usinunue zile za bei ya kutupwa. Nyingi zina nikeli, na nikeli huwasha masikio ya watu wengi, ikatoa upele na maji. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kiwango: kinachoingia kwenye tundu la mwili kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.2 za nikeli kwa sentimita mraba kwa wiki, na kinachogusa ngozi kwa muda mrefu kisizidi 0.5. Malindi unauzia Waitaliano, watakuuliza. Fedha ya madini yenye alama 925 au titani ndizo salama zaidi. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la hospitali pia chafaa.

Sasa bangili. Satini, mwanangu, ni namna ya kufuma, si aina ya uzi: nyuzi hupita juu ya nyingine kadhaa kabla ya kuzama, ndiyo maana hung'aa, na ndiyo maana hunaswa na kila kucha na kufumuka kwa urahisi ukiikata. Kwa kitu cha mkononi kinachosuguana na meza na mkoba siku nzima, tafuta grogreni, ule utepe wenye vijistari vilivyoinuka vinavyopita upana wake. Mshindio wake, yaani nyuzi zinazopita upana, ni mnene, kwa hiyo una mwili na haulali ovyo. Ukitaka maua na nakshi, upo utepe wa jakadi, ambao nakshi yake imefumwa ndani badala ya kuchapwa. Huo ugeuze utazame mgongo, ukiona nyuzi ndefu zinaning'inia ujue utahitaji kuushona juu ya utepe mwingine. Na kila utepe utazame pembeni. Wenye pindo lililofumwa hudumu. Uliokatwa kutoka kitambaa kipana na kugandishwa pembeni ni wa kufungia zawadi, usiuguse.

Kabla hujachoma ncha, jua unachoma nini. Chukua kipande kidogo, kishike kwa koleo juu ya sinia, ukipitishe kwenye moto. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha ushanga mgumu. Pamba huwaka kama karatasi na kubaki jivu laini. Hariri hunuka nywele zilizoungua, na mabaki yake husagika vidoleni. Ni zile zinazoyeyuka tu ndizo zinazofungwa ncha kwa mshumaa: pitisha ncha kando ya ule moto wa chini, ulio buluu, haraka, isiguse. Ukiweka juu kwenye moto wa njano utapata masizi meusi. Pamba na hariri zikunjwe na kushonwa.

Lakini kulegea hakutokani na ncha. Msuko wa tatu una mikono inayokwenda mshazari. Ukiuvuta, ile mishazari hunyooka, bangili hurefuka na kuwa nyembamba, na haina kitu cha kuirudisha. Mama wa Matondoni anayesuka ukili analijua hili bila kufundishwa na mtu: ukili peke yake unavutika, unakuwa imara ukishonwa pembeni na ukili mwenzake ukawa mkeka. Basi nawe usiiache misuko yako peke yake. Suka kwanza, upige pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa, kisha uushone msuko juu ya utepe wa grogreni ulionyooka, wenye upana ule ule au pungufu kidogo, mishono ikipita pembeni zote mbili. Utepe ulionyooka haurefuki, na msuko hauna pa kwenda. Kata mikono ya msuko mara moja na nusu ya urefu unaoutaka. Mzunguko wa kifundo cha mkono wa mwanamke mzima kwa kawaida ni sentimita 15 hadi 18, ongeza sentimita moja ya nafasi. Nchani tumia vibano vya bati vyenye meno vinavyolingana na upana wa utepe, na ndani yake tia tone la epoksi. Kile kipete cha kuunganishia kifungue kwa kuzungusha ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukizitanua pembeni hazitakutana tena sawasawa, na bangili itadondoka njiani.

Kwa kuwa unafanya vyote viwili, vifungo na tepe, nakushauri uviunganishe. Tandika kwenye ubao wa pasi kile kitambaa chenye gundi ambacho mafundi hukibandika ndani ya kola, upande wa gundi juu. Panga tepe nyembamba za mtande, yaani za urefu, sambamba, zigusane, uzibane kwa pini upande mmoja. Kisha pitisha za mshindio, moja juu moja chini, ukizisukuma zikae karibu. Sindano butu ya kutilia lastiki inafaa kuzipitishia. Ukimaliza, bonyeza pasi bila kuiburuta, halafu geuza upige nyuma. Umepata kitambaa chako mwenyewe ambacho hakuna duka litakalokuwa nacho.

Kwa utepe wa milimita 6, kipande cha sentimita 11 kwa 11 hivi kinakula tepe 18 kila upande. Zikate sentimita 14 ili ncha zitoke nje, jumla ni meta 5 na kidogo. Kipande hicho kinatoa duara nne za kifungo namba 45, yaani jozi mbili za herini. Weka hesabu hiyo kwenye bei yako, pamoja na saa ulizokaa, maana mnunuzi anayeshika kifungo kilichosukwa haoni meta 5 za utepe. Utepe wa milimita 3 unapendeza zaidi kwenye duara dogo, ila kazi yake ni maradufu. Rangi zichague kutoka kwa mikeka yetu: zambarau, kijani na ile ya ukili usiotiwa rangi hukaa pamoja vizuri sana.

Tahadhari moja hapa. Kitambaa cha tepe kina tabaka mbili na gundi juu yake, kwa hiyo kifuniko cha bati mara nyingi hakifungi. Usikigonge kwa nyundo. Kiache kabisa: vuta bandi mpaka ikaze, pitisha uzi huku na huku mgongoni kama nyota, jaza shimo la kikombe kwa vipande vya felti, kisha funika kwa ngozi yenye pini kama nilivyoeleza. Zile nilizowahi kuziona zikidumu vizuri zaidi ni za namna hii, na wala hazina bati la pili la kushika kutu.

Wateja wako wa kienyeji uwaambie wavue pambo kabla ya kujifukiza. Moshi wa udi hauna neno, lakini utepe wa poliesta ukikaribia chetezo hujikunja kwa joto. Uturi na mafuta ya nywele yapakwe kwanza yakauke, pambo livaliwe mwisho, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye satini hayatoki bila kuacha alama.

Zile ulizorudishiwa usizitupe. Fungua kifuniko kwa bisibisi nyembamba, toa leso, na doa la kutu ulipake maji ya limau na chumvi, uliweke juani, kisha uoshe kwa maji mengi. Jaribu kwanza kwenye ukingo usioonekana, kwa sababu limau laweza kupausha rangi. Likitoka, valisha leso ileile juu ya kikombe cha aluminiamu, utie ngozi nyuma, umrudishie mwenyewe bila kumtoza.